Kipimo cha vinasaba kabla ya dawa: ni cha mtoto au cha babu?

Swali kutoka Lamu: Asalaam aleikum daktari. Mwaka jana ndugu yangu wa tumbo moja alipewa dawa ya kifafa, Tegretol. Wiki ya tatu akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda, kisha ngozi ya kifua na mgongo ikababuka kama mtu aliyemwagikiwa maji moto. Alilazwa, akapona, lakini macho hayajawa sawa hadi leo. Sasa mwanangu wa kiume wa miaka 9 ameanza kuanguka, na daktari ameitaja dawa hiyohiyo. Baba yangu naye, miaka 67, ana jongo. Ameambiwa aanze alopurinoli, figo zake si nzuri, na anakunywa dawa ya presha ya kupunguza maji. Nimesikia kuna kipimo cha damu cha vinasaba kinachoonyesha mapema nani atababuka. Kipo? Sisi wa visiwani tunakipataje? Kikisema mtoto hana, nimpe dawa kwa amani? Halafu watu wetu wa Siyu na Pate husema kuna damu ya Wachina huku; je, hilo lina uzito?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Pole sana kwa ndugu yako. Macho yake nitayagusa chini, maana bado yana la kufanywa. Kipimo unachokiulizia kipo, ni cha kweli, na kimewaepusha wengi na kifo. Ila kwa mambo ulivyoyaeleza, mwanao aweza kuvuka salama bila kupimwa jeni hata moja. Anayefaa kupimwa kabla ya kumeza tembe ya kwanza ni baba yako, na kipimo chake si kile cha mtoto.

Nianze na lisilongoja maabara. Mtoto asipewe karbamazepini, ambayo Tegretol ni jina lake moja la biashara. Maelezo ya dawa yenyewe humtaka daktari aulize kama mgonjwa au jamaa zake wa karibu wamewahi kudhuriwa na dawa za kundi hili, na akijibiwa ndiyo, ajihadhari. Mjomba wa damu ni karibu vya kutosha, hasa pale ambapo dawa nyingine zipo.

Na tahadhari isiishie kwenye jina hilo moja. Karbamazepini ina jamaa zake wenye pete ya kikemikali ya namna moja: fenitoini, fenobabitoni, okskabazepini na lamotrijini. Mtu aliyedhuriwa na mojawapo ana uwezekano mkubwa wa kudhuriwa na nyingine. Mtego mkubwa huku kwetu ni fenobabitoni. Ndiyo ya bei rahisi, ndiyo inayopatikana hata zahanati ndogo, na mhudumu akisikia kwamba Tegretol haifai, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye fenobabitoni akidhani amekuepusha. Hajakuepusha. Mwambie daktari kwa maneno haya: “Mjomba wake alibabuka ngozi kwa karbamazepini, naomba dawa isiyo ya kundi hilo.” Ataelewa.

Zisizo za kundi hilo, na ambazo mtoto wa kiume wa umri huo aweza kutumia, ni mbili hasa. Ya kwanza ni levetirasetamu, inayojulikana pia kwa jina la Keppra. Kwa watoto kwa kawaida huanzia miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa kila baada ya wiki mbili kadiri ya haja. Mtoto wa kilo 25 huanza na miligramu 250 asubuhi na 250 jioni. Kasoro yake ni tabia: baadhi ya watoto huwa wakali, hulia ovyo au hukosa usingizi. Ukiona hivyo usiikatize, mwambie daktari. Ya pili ni valproeti, ambayo wengi huijua kama Epilim. Ni dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini huweza kulidhuru ini, kwa hiyo mtoto akianza kutapika mfululizo, kulegea au macho kuwa ya manjano apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Angekuwa msichana ningekuambia valproeti iachwe mbali, kwa sababu humdhuru mtoto aliye tumboni, na msichana wa miaka 9 wa leo ni mke wa mtu wa kesho. Ipi kati ya hizo mbili itategemea namna anavyoanguka, na hilo ni la daktari aliyemwona. Picha ya video ya simu ya namna anavyoanguka itamsaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Kama tembe za Tegretol amekwisha kuanza, mambo ni mawili. Hana dalili yoyote: usizikatize mwenyewe ghafla, kwani kifafa chaweza kurudi kwa mfululizo usiokatika, mfikie daktari kesho abadilishe kwa utaratibu. Ana homa, macho mekundu, vidonda vya mdomo au vipele vinavyouma: tembe inayofuata asinywe, na mwende hospitali mara moja, usiku au mchana. Huko ndiko watakakomwekea dawa nyingine ya kifafa.

Sasa kipimo chenyewe. Kwenye kromosomu ya 6 kuna kundi la jeni liitwalo HLA. Kazi ya protini zake ni kukaa juu ya seli na kuonyesha vipande vya vilivyomo ndani, ili askari wa damu, yaani chembe nyeupe za kinga, wapite na kukagua: hiki ni changu, hiki ni cha mgeni. Jeni hizi zina aina nyingi mno, kila mtu ana nakala mbili za HLA-B, moja ya baba na moja ya mama. Baadhi ya aina zina umbo ambalo dawa fulani hulishika sawasawa. Dawa ikishika hapo, askari huiona seli ya mwili kuwa adui. Wakiitikia kwa wingi huishambulia ngozi na utando laini wa macho, mdomo na sehemu za siri, kwa sumu yao iitwayo granulisini, na ngozi hufa na kubabuka. Ikibabuka chini ya asilimia 10 ya mwili huitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ikizidi asilimia 30 huwa ni ule mkubwa zaidi, ambao huua wagonjwa 3 au zaidi katika kila 10.

Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walipima Wachina 44 waliobabuka kwa karbamazepini. Wote 44 walikuwa na aina moja, HLA-B*15:02, ilhali kati ya waliotumia dawa hiyo bila shida ni asilimia 3 tu waliokuwa nayo. Mwaka 2007 Marekani ikaweka onyo kwenye maelezo ya dawa kwamba watu wenye asili ya Asia wapimwe kwanza. Mwaka 2011 ukachapishwa uchunguzi wa Taiwan wa watu 4,877 waliopimwa kabla ya kuanza: wenye jeni, kama asilimia 7.7, walipewa dawa nyingine. Waliobaki wakatumia karbamazepini, na hakubabuka hata mmoja. Bila kipimo wangetarajiwa kama watu 10. Ndiyo maana nchi kama Thailand na Singapore zimekifanya kipimo hiki kuwa cha kawaida.

Hapo ndipo watu husikia habari na kukimbilia maabara, na hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Aina ya 15:02 ni ya Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki: sehemu nyingine huko huzidi asilimia 15 ya watu, kwa watu wa Bara Hindi ni kama asilimia 2 hadi 4, na kwa Waafrika karibu haipo. Hata hivyo Waafrika nao hubabuka kwa karbamazepini, kama ndugu yako. Maana yake ni kwamba huku kwetu dawa ile mara nyingi hupita mlango mwingine. Kuna aina nyingine, HLA-A*31:01, iliyoonekana Ulaya na Japani, inayohusiana zaidi na homa, upele na kuvimba uso kuliko kubabuka. Inafaa kupimwa pamoja na ile ya kwanza. Lakini hata zote mbili zikiwa hazipo, mtu wa Lamu hawezi kuambiwa “wewe salama” kwa uhakika ule anaoambiwa Mchina wa Taipei. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana: kipimo cha mtoto kikisema hana, usimpe dawa ile kwa amani.

Ukitaka kweli kujua jambo la kijeni katika nyumba yenu, anza na aliyebabuka. Apimwe yeye kwanza, HLA-B*15:02 na HLA-A*31:01. Akikutwa na mojawapo, basi mlango umejulikana: wewe uliye ndugu yake wa baba na mama mmoja una nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa nayo, mwanao 1 kati ya 4, na watoto wake mwenyewe 1 kati ya 2, na kila mmoja aweza kupimwa kwa maana. Asipokutwa na yoyote, kuwapima ninyi wengine ni kutupa fedha, kwa sababu mnatafuta kitu ambacho hata mgonjwa hakuwa nacho. Na yeye mwenyewe, jibu lolote litakalotoka, haruhusiwi tena kugusa karbamazepini wala jamaa zake maisha yake yote. Ngozi yake ilishatoa jibu, na kipimo hakiwezi kulifuta.

Nikiwa mkweli, fedha hizo ningezielekeza kwenye levetirasetamu ya mtoto, ambayo ni ghali kuliko fenobabitoni na itahitajika kila mwezi bila kukatika.

Kuhusu damu ya Wachina. Simulizi za mabaharia wa Kichina waliozama karibu na Pate zina miaka kama 600. Hizo ni vizazi 20 hivi. Kila kizazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vya mzazi, kwa hiyo nakala moja maalumu ya jeni ya babu wa vizazi 20 nyuma, kwa mstari mmoja wa ukoo, humfikia mjukuu wa leo kwa nafasi 1 kati ya takriban milioni moja. Koo zilizooana sana huongeza mistari, lakini hata hivyo simulizi hiyo peke yake si sababu ya kupimwa. Bibi mzaa mama aliyetoka Guangzhou au Jakarta ni jambo jingine kabisa. Huyo angebadilisha ushauri wangu.

Lililo na uzito zaidi ni mchanganyiko wetu wa pwani kwa jumla. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka miji ya Waswahili, ikiwamo Manda na Faza hapohapo kwenu. Wengi wa waliozikwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili ya Kiafrika, iliyotoka hasa upande wa kina mama, na sehemu kubwa ya asili ya Asia, hasa kutoka kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na ya Kihindi, kuchanganyika kulikoanza kama mwaka 1000. Kwa hiyo fomu ya maabara inayokutaka uchague “Mwafrika” au “Mwasia” haimfai mtu wa pwani. Wala neno “Mwafrika” lenyewe halitoshi. Aina ya HLA-B*57:01, ambayo huwafanya watu wadhurike na abakaviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, haikuonekana katika sampuli za Wayoruba wa Nigeria. Kwa Waluhya wa Kenya ilikuwa asilimia 3.3, na kwa Wamaasai wa Kenya asilimia 13.6. Nchi moja, na tofauti mara nne. Daktari asikisie kwa rangi wala kabila. Aangalie ni dawa gani, kisha apime ile jeni ya dawa hiyo.

Ndipo tufike kwa mzee. Alopurinoli ni dawa nzuri ya jongo, lakini ni miongoni mwa dawa zinazobabua ngozi zaidi duniani, na baba yako anakusanya karibu kila kinachoongeza hatari: umri, figo dhaifu, dawa ya kupunguza maji, na asili inayoweza kubeba HLA-B*58:01. Hii ndiyo jeni ya alopurinoli. Ilitambuliwa Taiwan mwaka 2005, lakini tofauti na ile ya 15:02, hii si ya Asia peke yake. Kwa Waamerika weusi ni kama asilimia 4, na mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa baridi yabisi wa Marekani unashauri wapimwe kabla ya kuanza dawa, sawa na Wachina, Wakorea na Wathai. Taiwan ilipowapima watu 2,926 na kuwaepusha wenye jeni, waliobaki wakatumia alopurinoli bila hata mmoja kubabuka.

Kabla ya kipimo, muulizeni daktari swali moja: je, anaihitaji kweli? Alopurinoli haipewi mtu kwa sababu tu asidi ya yuriki imepanda kwenye karatasi. Hupewa mwenye kushikwa na jongo mara mbili au zaidi kwa mwaka, au mwenye vinundu vya jongo, au viungo vilivyoanza kuharibika. Na kwa mwenye figo dhaifu, daktari aweza kuanza mapema zaidi. Inasikitisha kuona mtu amebabuka kwa dawa ambayo hakuwa na haja nayo. Pia ile dawa ya kupunguza maji, kama ni haidroklorothiazidi, yenyewe hupandisha asidi ya yuriki. Losatani hutibu presha na kuishusha asidi hiyo kidogo. Huenda kubadilisha dawa ya presha kukapunguza nusu ya tatizo, ila asiiache mwenyewe.

Ikiwa anaihitaji, hatua ya kwanza ni kipimo cha kreatinini, ambacho si ghali na hakihitaji kutoka Lamu. Kutokana nacho daktari hukadiria kasi ya figo kuchuja. Kiwango cha kuanzia alopurinoli kisizidi miligramu 1.5 kwa kila nambari ya kasi hiyo: kasi ikiwa 60, asizidi 90, ikiwa 40, asizidi 60. Kwa tembe za miligramu 100, mwenye figo dhaifu huanza na nusu tembe kwa siku, yaani 50, au chini ya hapo kasi ikiwa ndogo zaidi. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuanza na tembe ya 300 siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo kwenye kabati. Mwili hugeuza alopurinoli kuwa oksipurinoli, ambayo hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu hurundikana kwenye damu, na wingi huo ndio unaozidisha hatari. Ukianza kidogo waweza kupanda miligramu 50 kila wiki nne hivi hadi asidi ya yuriki ishuke chini ya 6 kwa kipimo cha miligramu, au 360 kwa kile cha mikromoli, bila kukimbizwa. Na katika miezi hiyo ya mwanzo asipewe amoksilini kiholela kwa kila kikohozi, kwani ikikutana na alopurinoli vipele huongezeka na kuwavuruga madaktari.

Hatua ya pili ni HLA-B*58:01, na hapa usahihi wa maandishi ni nusu ya kazi. Fomu iandikwe kikamilifu: HLA-B*58:01. Isiandikwe “HLA” tu, maana watapima HLA-B27, kipimo cha ugonjwa wa uti wa mgongo, nanyi mtarudi Lamu na karatasi isiyohusu. Wala isiandikwe “B58” tu. Afrika ina aina ya jirani, HLA-B*58:02, ambayo ni ya kawaida sana na haihusiani na alopurinoli. Maabara isiyozitenganisha itamtia mzee hofu bure. Vivyo hivyo kwa abakaviri: 57:01 ni hatari, 57:03, iliyojaa Afrika, siyo. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: “Kipimo chenu kinatenganisha 58:01 na 58:02?” Asiyejua kujibu, tafuta mwingine.

Sampuli ni damu mililita 2 hadi 5 kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia kuganda. Si cha kijani, maana heparini iliyomo huvuruga mashine, wala si chekundu, kwa kuwa damu itaganda. Hakuna haja ya kufunga wala kuacha dawa nyingine. Akiwa ameongezewa damu wiki chache zilizopita, aseme. Damu hustahimili siku kadhaa ikiwa kwenye ubaridi wa friji bila kugandishwa, lakini si saa nane ndani ya gari lililofungwa kati ya Mokowe na Mombasa. Afadhali mzee achukuliwe damu Malindi au Mombasa penyewe akienda kwa shughuli nyingine, na iwe mwanzoni mwa wiki, isije ikalala kituoni Jumamosi na Jumapili. Maabara nyingine hupokea pamba ya kusugua ndani ya shavu, na hiyo husafiri vizuri zaidi. Kwa pamba, asile wala kunywa nusu saa kabla, asukutue mdomo, na asiwe na tambuu wala ugoro mdomoni. Uliza bei mapema kwa maabara mbili tatu, kwa kuwa sampuli nyingi za HLA hupelekwa Nairobi au nje ya nchi, na gharama ya usafirishaji hutofautiana. Majibu mara nyingi huchukua wiki mbili tatu. Katika muda huo alopurinoli isianzwe. Jongo likipanda hutibiwa kwa dawa za maumivu anazozichagua daktari kwa kuangalia figo, na alopurinoli haimpi nafuu mtu aliye katikati ya maumivu.

Jibu likija chanya, hata nakala moja, alopurinoli aiache kabisa. Haimaanishi kwamba bila shaka angebabuka. Wengi wenye jeni hawababuki. Ila hakuna sababu ya kujaribu wakati febuksostati ipo, ikianzia miligramu 40 kwa siku. Hiyo nayo ina onyo la moyo lililowekwa Marekani mwaka 2019, kwa hiyo kama mzee amewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, daktari ajue. Jibu likija hasi, aanze kwa nusu tembe kama nilivyosema, huku mkimwangalia. Nje ya Asia wapo wanaobabuka bila jeni hii. Kwa wagonjwa wa Ulaya ni zaidi kidogo tu ya nusu waliokutwa nayo. Kipimo hiki hufanywa mara moja maishani. Jibu lake piga picha, weka kwenye simu za watoto wote.

Watu waliotumia alopurinoli au karbamazepini kwa miezi mingi bila shida hawana haja ya kupimwa leo. Karibu ajali zote hutokea katika miezi mitatu ya kwanza, na nyingi kati ya siku ya 4 na ya 28. Wazee wa mtaani wanaoitumia kwa miaka wasitishwe wakaiacha.

Mpaka hapo hujaniuliza kuhusu Septrin, lakini nitaitaja, kwa kuwa huku pwani dawa za salfa zinababua watu, na huuzwa kemisti kwa kila kuhara na kila kikohozi. Kwa salfa hakuna kipimo cha jeni cha kutegemewa kwa watu wetu. Kinga yake ni kutoinunua bila kuandikiwa. Na si lazima kinga iwe ya jeni: mwaka 1991 wataalamu wa Nairobi walionyesha kwamba thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu ya enzi hizo, iliwababua hasa wenye virusi vya UKIMWI, na baada ya hapo wagonjwa wa aina hiyo wakaacha kupewa. Kujua nani asipewe ndilo jambo, njia yoyote ikuonyeshayo ni njema.

Dalili za kuangalia kwa mzee, kwa wiki 12, ni hizi: homa isiyo na sababu, macho kuwasha na kuwa mekundu, koo au midomo kuchubuka, mkojo kuchoma, ngozi kuuma kabla hata ya kuonekana kitu, madoa mekundu yenye kiini cheusi, uso kuvimba, mitoki shingoni. Homa na vidonda vya mdomo huja kabla ngozi haijaanza kubabuka, na hapo ndipo dawa ikisimamishwa maisha huokolewa. Dawa isimame saa hiyohiyo na mgonjwa apelekwe hospitali na pakiti zote alizokuwa akitumia, hata za mitishamba. Malengelenge yasipasuliwe, ngozi isivutwe, pasipakwe majani wala dawa ya meno. Nyumba nyingine hudhani ni jicho la watu, na kisomo hakikatazwi, lakini asomewe huku dawa imekwisha kusimama na boti imekwisha kuitwa. Hospitalini ombeni daktari wa macho aitwe siku ya kwanza, kabla kope hazijaanza kushikana na jicho.

Na sasa nirudi kwa ndugu yako. Macho yasiyokuwa sawa mwaka mmoja baadaye mara nyingi ni makavu, au kope zimejipinda ndani zinakwaruza kioo cha jicho. Yote mawili hutibika kwa kiasi fulani, lakini kukwaruza kwa muda mrefu hupofusha. Asiridhike na matone ya kemisti. Amwone daktari bingwa wa macho, Malindi au Mombasa, na amwambie wazi kwamba yalianza baada ya kubabuka kwa dawa.

Mtengenezeeni pia kadi ya kutembea nayo kwenye pochi. Iandikwe jina la dawa ya kitaalamu, karbamazepini, si Tegretol peke yake, kwa kuwa ina majina mengi ya biashara. Iandikwe kilichotokea, mwaka, na orodha ya jamaa zake: fenitoini, fenobabitoni, okskabazepini, lamotrijini. Daktari aweza kumjazia kadi ya tahadhari ya Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, pamoja na fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa. Na kama haikujazwa wakati ule, bado inaweza kujazwa sasa, hata na ninyi wenyewe kwa mtandao wa bodi hiyo. Andikeni tarehe aliyoanza dawa, tarehe ya homa ya kwanza, na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti kama bado mnayo.